Sufuria Ikichemka, Kazi Haijaisha

Ukiniuliza ni chakula gani cha barabarani ninachokiamini kuliko vyote, nitakujibu bila kusita: supu ya asubuhi. Siizungumzii kachumbari inayowekwa pembeni yake, wala ndimu iliyokatwa tangu jana, wala bakuli lililosuuzwa kwenye ndoo ambayo maji yake yamekwisha kubadilika rangi. Naizungumzia supu yenyewe, ya makongoro au ya mbuzi, iliyobandikwa usiku, ikatokota mpaka alfajiri, na sasa inapakuliwa ikiwa bado juu ya moto. Anayeinywa ikiwa ya moto hivyo, saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kuwahi daladala, amepata mojawapo ya vyakula salama kabisa vinavyouzwa mjini kwa bei ile.

Naanza na sifa hiyo kwa sababu makala hii haina ugomvi na muuza supu wala mama lishe. Ugomvi wangu ni na imani moja iliyoota mizizi katika majiko yetu, kuanzia nyumba za wasomi hadi vibanda vya stendi: kwamba nyama ikishachemka, hesabu zake zote zimefungwa. Ilikotoka si hoja tena, aliyeibeba si hoja, kisu kilichoikata si hoja, na itakakolala usiku wa leo si hoja. Moto umesamehe yote. Naipinga imani hiyo kwa nguvu zote kwa sababu ina ukweli mwingi ndani yake, na ukweli huo ndio unaotufanya tusiuone upande wake mbovu.

Tuutendee haki ukweli huo kwanza. Bakteria wengi wanaotuumiza kupitia nyama, kama vile Salmonela, Kampilobakta na aina mbaya za E. koli, hawana ubavu mbele ya joto. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika funguo zake tano za chakula salama zilizotolewa mwaka 2001, linataka kitovu cha chakula kifikie nyuzijoto 70. Maji yanayochemka Dar es Salaam au Mombasa yana nyuzijoto 100. Hata ukipanda nyanda za juu, ambako maji huchemka kwa joto la chini kidogo, bado kuna nafasi kubwa: Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakifika kama nyuzijoto 94, na Njombe, inayokaribia mita 2,000, ni kama 93. Watu wa huko husubiri nyama ilainike kwa muda mrefu kuliko watu wa Pwani, na kwa maharage ndiyo usiseme, lakini kwa upande wa vijidudu hivi hawapungukiwi na kitu. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa navyo hufa katika sufuria hiyo. Malengelenge ya tegu yaliyoko kwenye misuli ya ng'ombe au nguruwe, yale meupe tunayoyaona buchani, nayo huishia hapo.

Lakini angalia vizuri WHO walichokisema. Hawakusema maji yafikie nyuzijoto 70. Walisema kitovu cha chakula. Hapo ndipo wengi tunapoteleza, maana jicho letu liko kwenye povu na mvuke, wala si kwenye moyo wa kipande. Joto husafiri polepole ndani ya nyama, na unene ukiongezeka mara mbili, muda wa joto kufika katikati huongezeka karibu mara nne. Vipande vya sentimita 3 vilivyoiva vizuri havikuambii lolote kuhusu paja zima la mbuzi lililozamishwa katika sufuria hiyohiyo. Kuku aliyetoka kwenye friza akiwa mgumu kama jiwe ni hatari zaidi: maji yanarudi kutokota, mpishi anaanza kuhesabu dakika, kumbe kifuani, karibu na mfupa, bado kuna barafu. Kuchochea mkaa hapo hakusaidii. Maji yaliyokwisha kuchemka hayazidi kuwa ya moto kwa sababu ya moto mkali. Yanakauka tu haraka na kumaliza mkaa wa bei. Kinachosaidia ni kumwacha kuku ayeyuke kwanza, kukata vipande vidogo, na kumpa muda.

Nyama ya kusaga ina hesabu yake nyingine. Katika kipande kizima, uchafu mwingi wa machinjioni hukaa juu, mahali ambapo maji ya moto hufika mara moja. Ukishaisaga, umeuchukua uchafu wa juu ukauchanganya hadi ndani. Marekani walilijua hilo kwa uchungu mwaka 1993, pale watu zaidi ya 700 walipougua na watoto 4 kufa baada ya kula baga ambazo hazikuiva katikati. Anayetengeneza kababu na sambusa nyumbani kwake alijue hilo kabla ya kujisifia kababu laini zenye wekundu ndani.

Hayo yote bado yako ndani ya uwezo wa sufuria. Sasa tuje kwenye nyama ambayo sufuria haina uwezo wa kuitetea.

Ng'ombe alikuwa mzima jana jioni. Asubuhi amekutwa zizini amekufa, tumbo limejaa upesi, damu inamtoka puani na haigandi. Kwa familia ya mfugaji, huyo ni ada ya shule na akiba ya mwaka iliyolala chini. Jirani anakuja na kisu, wa pili na shoka, na wanaambiana maneno ambayo nimeyasikia mikoa mbalimbali kwa lafudhi mbalimbali: tutaichemsha sana. Hapo panaanzia mikasa mingi ya kimeta.

Bakteria wa kimeta wana silaha ambayo Salmonela hana. Mwaka 1876 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alionyesha kwamba wanapobanwa na mazingira hujifunga ndani ya ganda gumu sana, spora, na kungoja. Spora hizo zinaweza kustahimili maji yanayochemka kwa dakika nyingi, hasa zikiwa zimejificha ndani ya minofu minene. Ardhini hudumu kwa miongo. Kisiwa cha Gruinard huko Scotland, ambako jeshi la Uingereza lilifanya majaribio ya kimeta kwa kondoo mwaka 1942, kilifungwa kwa watu mpaka mwaka 1990, na kilifunguliwa tu baada ya udongo wake kumwagiwa dawa kali. Ukijua hilo, sufuria ya nusu saa inaonekana ndogo.

Hata hivyo, spora kustahimili moto si jambo linalonitisha zaidi. Linalonitisha ni yote yanayotokea kabla ya sufuria kubandikwa. Mzoga usiopasuliwa huwaua wenyewe bakteria wengi wa kimeta walio ndani yake, kwa sababu unaoza bila hewa na wao hawawezi kutengeneza spora bila hewa. Ukiupasua, umewapa hewa. Aliyechuna ngozi amepata kidonda mkononi. Aliyebeba mguu begani amepata. Mtoto aliyetumwa kupeleka kilo mbili kwa bibi amepata. Damu imenywea kwenye udongo wa malisho, na mifugo ya mwakani itaikuta. Hakuna sufuria iliyobandikwa bado, na madhara yamekwisha kutokea. Mwaka 2023 wilaya ya Kyotera, nchini Uganda, iliishi jambo hili: ng'ombe walikufa, watu wakala, watu wakafa. Mwaka huohuo, kusini mwa Zambia, kimeta kiliwapata watu waliokula viboko waliokutwa wamekufa.

Uislamu umeharamisha nyamafu, na Torati nayo iliikataza, karne nyingi kabla ya Koch kuinama kwenye darubini yake. Wazee wetu wa Pwani waliolikataa jambo hili kwa kauli moja, bila mjadala, waliokoa maisha ya watu wengi. Lakini sitamhukumu mfugaji wa Longido au Kajiado kutoka kwenye meza yangu, maana hasara ni yake peke yake. Chanjo ya kimeta ipo, na aina inayotumika karibu dunia nzima ilitengenezwa hapahapa Afrika katika miaka ya 1930, kwenye maabara ya Onderstepoort nchini Afrika Kusini, na mtafiti Max Sterne. Anayemwambia mfugaji achome au azike ng'ombe aliyekufa bila kumpasua ana wajibu wa kumfikishia chanjo hiyo kila mwaka, kwa wakati, na kwa bei anayoimudu. Semina juu ya madhara ya kibudu bila chanjo ni nusu ya kazi.

Kuna mambo mengine ambayo moto hauyaondoi, na nitayapitia kwa haraka. Bakteria anayeishi puani na kwenye majipu ya mikono yetu, Stafilokoka, akiingia kwenye chakula kilichoachwa nje hutengeneza sumu, na sumu hiyo inaweza kustahimili kuchemshwa kwa nusu saa. Bakteria atakufa, sumu itabaki, na mlaji atatapika ndani ya saa chache. Mabaki ya dawa za mifugo nayo hayaondoki yote kwa kuchemshwa. Ng'ombe aliyedungwa sindano ya antibayotiki juzi na kuchinjwa leo, kabla ya siku za kusubiri kwisha, ataliwa pamoja na dawa yake. Nchini Kenya, Julai 2019, uchunguzi wa runinga ulidai kwamba baadhi ya maduka yalikuwa yakipaka nyama kemikali ya sodiamu metabisulfaiti ili ibaki nyekundu na kuonekana mpya. Ubaya wa kitendo kama hicho ni kwamba kinampokonya mnunuzi macho na pua yake, ndivyo vipimo pekee alivyonavyo buchani.

Kuhusu kuku, kuna sufuria nyingine tunayoisahau: ile ya kunyonyolea. Katika masoko yetu mengi kuku huchinjwa, huzamishwa kwenye maji ya moto ili manyoya yalegee, kisha hunyonyolewa palepale. Mteja anaona mvuke, anaridhika. Lakini maji yale hayachemki, na hayatakiwi kuchemka, la sivyo ngozi itaiva na kuchanika. Yana joto la nyuzijoto 50 hadi 60 na kidogo, na yamekwisha kupokea kuku wa kwanza, wa pili na wa ishirini, pamoja na vinyesi na vumbi la manyoya yao. Kilichokuwa tumboni mwa kuku mmoja sasa kiko kwenye ngozi ya wote. Kisha anafika nyumbani, tunamfungulia bomba kwa nguvu ili asafike, na matone yanarukia sinki, kibao, nyanya zilizokatwa na chupa ya maziwa ya mtoto. Kwa hili nasimama upande wa wanaosema kuku asioshwe kwa maji ya bomba yanayoruka. Najua nitapingwa na kila mama aliyenifundisha kupika, lakini sufuria itamsafisha kuku yule vizuri zaidi kuliko bomba, wakati kachumbari iliyorukiwa haitapita sufuriani. Anayeona lazima amwoshe, na amwoshe ndani ya beseni taratibu, kisha beseni, sinki na mikono visafishwe kwa sabuni kabla kitu kingine hakijaguswa.

Kitimoto nacho kinastahili neno, kwa sababu hofu yetu juu yake imekaa mahali pasipo pake. Nyama ya nguruwe isiyoiva ikiwa na malengelenge ya tegu humpa mlaji tegu tumboni. Nyama ikiiva vizuri, jambo hilo limekwisha. Lakini ugonjwa ulio mbaya zaidi, ule wa malengelenge hayo kukaa kwenye ubongo wa binadamu na kuleta kifafa, hautoki kwenye nyama. Unatoka kwenye mayai ya tegu yaliyomo kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakafika kwenye maji, mboga au mikono ya mtu mwingine. Ndiyo maana asiyekula nguruwe maisha yake yote anaweza kuupata. WHO inakadiria kwamba katika maeneo mengi ambako tegu la nguruwe limeenea, karibu asilimia 30 ya kifafa hutokana nalo, na watafiti waliofanya kazi Mbulu na Mbozi wameliona tatizo hilo Tanzania. Mtoto anayeanguka kifafa kijijini, akasemwa ana mapepo, pengine alihitaji choo kwa jirani na sabuni nyumbani. Sufuria ya kitimoto iliyochemka saa mbili isingemlinda.

Hadi hapa nimezungumzia yaliyotangulia sufuria. Yanayofuata baada yake ndiyo yanayoumiza watu wengi zaidi katika nyumba za kawaida, na ndiyo tunayoyazungumza kwa uchache zaidi.

Fikiria ng'ombe anayechinjwa kwa ajili ya hitima, harusi au msiba. Wapishi wanaanza saa tatu usiku. Majungu makubwa yanabandikwa kwenye mafiga, nyama inachemshwa kwanza ili kesho iingie kwenye pilau na mchuzi. Kufika saa saba usiku imeiva, moto unavutwa nje, majungu yanafunikwa kwa sinia na jiwe juu, na kila mtu anatafuta jamvi la kujinyoosha. Kesho saa nne asubuhi yanafunuliwa, pilau linapikwa, na wageni wanakula saa nane mchana. Kesho yake, nusu ya ukoo ina tumbo. Wengine wanasema ni mafuta mengi. Wengine wanamtaja jirani aliyeonekana karibu na jiko. Wengine wanasema ni wivu wa upande wa pili.

Hakuna aliyeroga. Kuna bakteria mwingine mwenye spora, anayeitwa Clostridium perfringens, anayeishi kwenye udongo na kwenye matumbo ya wanyama, kwa hiyo karibu kila nyama mbichi inaweza kuwa naye. Maji yanayochemka huwaua wenzake wengi na kumwacha yeye ndani ya spora yake. Tena kuchemka huko kunamsaidia: joto linamwamsha, na hewa anayoichukia imefukuzwa kwenye maji. Jungu linapoanza kupoa na kushuka chini ya nyuzijoto 50, anatoka kwenye ganda na kukuta mezani kila kitu anachokitaka, protini nyingi, uvuguvugu, na karibu hakuna mshindani. Kwenye nyuzijoto 43 hadi 46 anaweza kujigawa mara mbili ndani ya kama dakika 10. Piga hesabu: mmoja akijigawa kila dakika 10, baada ya saa 4 ni zaidi ya milioni 16. Na jungu la lita 100 lililofunikwa, nene, kwenye mafiga ambayo bado yana majivu ya moto, hukaa katika uvuguvugu huo usiku mzima.

Jambo hili si geni kwa sayansi. Mwaka 1953 mtafiti wa Kiingereza, Betty Hobbs, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wa mikasa ya matumbo iliyokuwa ikitokea katika sehemu zinazolisha watu wengi kwa pamoja. Walichokikuta ni kilekile: nyama imechemshwa au kuokwa siku moja kabla, ikaachwa ipoe taratibu katika chombo chake, kisha ikaliwa baridi au imepashwa kidogo. Miaka zaidi ya 70 imepita, na sisi bado tunamtafuta mchawi.

Namna ya kujilinda haihitaji maabara. Kama nyama itahitajika kesho, kuna njia mbili tu za kweli. Ya kwanza ni kuiacha motoni, ikiwa ya moto kweli, juu ya nyuzijoto 60, mpaka itakapotumika. Bibi zetu waliokuwa wakiacha chungu juu ya makaa mpaka asubuhi walikuwa sahihi kabisa, alimradi makaa hayakuzimika saa tisa usiku wakiwa usingizini. Muuza supu niliyemsifia mwanzoni anatumia njia hiyohiyo. Ya pili ni kuipoza haraka: kuitoa kwenye jungu, kuigawa kwenye masinia yasiyo na kina, mchuzi kuumimina kwenye sufuria ndogondogo, kuziweka kwenye beseni la maji ya baridi na kuzikoroga, kisha kuingiza kwenye friji. WHO inasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kanuni za chakula za Marekani zinataka chakula kilichopikwa kishuke kutoka kwenye umoto wake hadi nyuzijoto 21 ndani ya saa 2, na kifike 5 ndani ya saa 4 zaidi. Kuliacha jungu zima lipoe kwa kudra ya Mungu, likiwa limefunikwa, si njia mojawapo kati ya hizo.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Watu watasema: mbona tunakula kiporo tangu utotoni na tuko hai? Ni kweli, na kiporo kilichochemshwa tena mpaka kikatokota, si kile kilichopashwa mpaka kikawa cha vuguvugu tu, huua Clostridium aliyeamka. Hilo ndilo lililotuokoa mara nyingi bila sisi kujua. Lakini halikuokoi na sumu ya Stafilokoka, na halikuokoi na sumu ya bakteria mwingine anayependa wali, Bacillus cereus, ambaye moja ya sumu zake haishindwi hata na joto la nyuzijoto 121 la sufuria ya presha. Pilau la jana lililoachwa mezani lina nyama ya mmoja na wali wa mwingine. Mtu mzima mwenye afya ataharisha siku moja akapona. Mtoto wa mwaka mmoja, mama mjamzito, mzee mwenye kisukari, mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi, hao hawana nafasi hiyohiyo ya kukosea.

Anayedhani hili ni la majiko ya kienyeji tu, atazame Afrika Kusini. Kati ya mwaka 2017 na 2018 nchi hiyo ilipata mlipuko wa listeria mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa duniani: wagonjwa 1,060 waliothibitishwa, na vifo 216 kati ya wale ambao matokeo yao yalijulikana. Kundi kubwa kati yao lilikuwa la watoto wachanga. Chanzo kilikuwa poloni, ile soseji nene inayokatwa vipande na kuwekwa kwenye mkate, chakula cha watu wa kipato cha chini. Poloni hupikwa kiwandani. Mashine zilikuwepo, vipimajoto vilikuwepo. Lakini baada ya kupikwa, bakteria aliyekuwa ameweka makao ndani ya kiwanda aliirudia, na kwa kuwa poloni huliwa bila kupikwa tena, hakukuwa na sufuria nyingine ya kumzuia.

Nikitazama mambo haya yote kwa pamoja, naona tumekosea mahali pa kuweka nguvu. Tunamkagua zaidi muuza supu, anayekimbizwa na mgambo na meza yake, kuliko tunavyoikagua nyama anayoinunua. Tanzania ina Sheria ya Nyama ya mwaka 2006, ina Bodi ya Nyama, na tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Kenya ina sheria yake ya udhibiti wa nyama ya miaka mingi. Sheria hazijapungua. Kilichopungua ni maji ya bomba kwenye makaro ya kuchinjia ya wilayani, mtaalamu wa mifugo anayefika kabla ya ng'ombe kuchinjwa na si baada ya nyama kufika buchani, na bwana afya mwenye kipimajoto mfukoni badala ya kitabu cha faini peke yake. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa machinjio kila asubuhi zina deni kwa wanaokula nyama hiyo. WHO ilipotoa makadirio yake mwaka 2015, ilisema chakula kisicho salama huwafanya watu milioni 91 waugue na kuua 137,000 kila mwaka katika Kanda yake ya Afrika pekee. Idadi hiyo ingekuwa ya ajali za mabasi, bunge lisingelala.

Lakini sitaki kuiachia serikali sehemu ambayo ni yetu. Katika miji yetu hakuna sherehe bila kamati. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, mweka hazina, bajeti ya ukumbi, ya mapambo, ya MC, ya keki, na mjadala wa vinywaji unaoweza kumaliza kikao kizima. Sijawahi kuona kamati iliyomteua mtu mmoja wa kujibu nyama itachemshwa saa ngapi, italala wapi na katika joto gani. Wewe unayesoma hapa Jumapili hii, pengine jioni una kikao kama hicho. Kabla hamjafika kwenye mapambo, muulizeni mpishi kama nyama itapikwa siku hiyohiyo au usiku wa kuamkia. Kama ni usiku, muulizeni ana masinia mangapi ya kuipozea na friji ya ukubwa gani. Kama hana, ongezeni fedha ya mkaa na ya vijana wawili wa zamu, ili jungu lisitoke motoni mpaka mgeni wa mwisho apakuliwe.